Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu Uganda: turuhusuni tufundishe ramani hadharani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo. Kwa wakuu wa Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala na wa Baraza la Mitihani la Uganda. Na kwa Ofisa Elimu wa Wilaya ya Kasese.

YAH: MASOMO YA ZIADA YA JIOGRAFIA

Waheshimiwa, salamu kutoka Kasese, chini ya Rwenzori.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa Baraza la Mawaziri, Julai 2022, liliamua lugha hii iwe somo la lazima shuleni. Sisi wa huku hatukuwa tukisubiri. Soko la Mpondwe, mpakani na Kongo, linauza na kununua kwa Kiswahili miaka nenda miaka rudi, na wachimba shaba wa Kilembe waliotoka pande mbalimbali walielewana kwa lugha hii hii. Naamini mtaisoma bila mkalimani.

Ombi langu ni moja: masomo ya ziada ya jiografia, ambayo Wizara imeyapiga marufuku wakati wa likizo, yaruhusiwe rasmi, yafanyike mchana kweupe, na mtoto asiye na fedha ayapate bure. Najua swali litakalotangulia mezani kwenu. Kwa nini jiografia, wakati watoto wanaanguka hesabu na fizikia? Wazazi nao huniuliza vivyo hivyo kila mwaka wanapokuja kuchagua mchepuo wa S5 (kidato cha tano). "Mwalimu, HEG (historia, uchumi na jiografia) itampa mtoto wangu kazi gani?" Mzazi aliyeuza ng'ombe alipe karo ana haki ya kuuliza, na huwa namjibu kwa habari za daktari.

Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland. Alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye Mulago, hospitali ya taifa iliyoko Kampala. Pale Mulago alikutana na watoto waliovimba mataya kwa uvimbe ambao hakuna kitabu kilichoueleza vizuri, na mwaka 1958 akauandikia makala. Visu vya upasuaji havikuweza kumwambia unatoka wapi, basi akachukua ramani. Aliandikia hospitali nyingi za Afrika akiuliza nani ameuona, akawa anatia alama kila mahali palipojibu ndiyo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari wakasafiri takriban kilomita 16,000, wakishuka kusini mwa bara na kurudi, hospitali hadi hospitali. Alama zile zikaanza kusema. Uvimbe ulikuwepo penye joto na mvua, ukakosekana penye baridi. Karibu na ikweta ulikoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Ukanda wake ulikaribiana mno na ukanda wa malaria. Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi walichokipata ndani ya uvimbe huo, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Latitudo, mwinuko, joto, mvua, mtawanyiko: hizo ni mada za jiografia ya sekondari. Hospitali yetu ya taifa ina sifa duniani kwa ugunduzi ulioanzia kwenye alama za ramani, nasi bado tunawagawa walimu kuwa wa sayansi na wa "sanaa" na kuwalipa kwa mgawo huo. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Wa jiografia mwenye shahada kama yake, chumba kimoja cha walimu, anaondoka na kama robo ya fedha hizo. Walimu wa upande wetu waligoma mwaka 2025. Sitalirefusha hilo hapa, kwa kuwa vyama vyetu vinalisemea. Ila ijulikane kwamba mwanafunzi anaona. Akimwona mwalimu wa fizikia anakuja na gari na wa jiografia anashuka kwenye bodaboda ya mkopo, ameshaelewa somo lipi lina maana kabla hajafungua daftari.

Sasa nirudi nyumbani. Sijui kama kuna wilaya nyingine nchini yenye jiografia nyingi hivi mahali pamoja. Tuna mlima ulioinuliwa na mipasuko ya ardhi, wala si volkeno kama Elgon. Tuna Bonde la Ufa, maziwa mawili, George na Edward, na barafu iliyo karibu kabisa na ikweta. Tuna chumvi ya Katwe, inayobaki baada ya jua kukausha maji ya ziwa lisilo na mto wa kutoa maji yake. Mtoto anayepanda teksi kutoka Kasese mjini kwenda Katwe anavuka ikweta pale Kikorongo. Nimewauliza wanafunzi wengi wa S3, wenye alama nzuri, ikweta inapita wapi. Wananitajia Kayabwe, barabara ya Masaka, kwa sababu ndipo palipo kwenye picha.

Barafu ile inaondoka. Mwaka 1906, msafara wa Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, ulipopanda na kuchora vilele, ilikuwa na eneo la karibu kilomita za mraba 6.5. Kufikia 2003 ilikuwa chini ya kilomita moja ya mraba. Na mto Semliki, unaotoka Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert na kuwa mpaka wetu na Kongo katika sehemu yake ya chini, unakula kingo zake na kuhamahama. Mto ukihama, mchungaji wa Ntoroko anaweza kuamka malisho yake yako ng'ambo. Hapo suala si la mtihani tena, ni la mabalozi na wanajeshi.

Ila mto unaotusumbua sisi zaidi ni Nyamwamba. Unashuka kutoka juu Rwenzori, unapenya bonde jembamba la Kilembe, unakata mji wa Kasese na kumalizikia Ziwa George. Ni mto mfupi, mteremko wake mkali. Mwaka 2012 moto uliunguza uoto wa juu mlimani. Mei 2013 mvua ikanyesha juu ya udongo uliokuwa hauna cha kuushika, na mto ukateremka na mawe, magogo na matope. Mei 2020 ukarudia, ukavunja madaraja na nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Njiani mto huo unamega marundo ya mabaki ya mgodi yaliyoachwa bondeni tangu enzi za shaba, na kuyapeleka chini kwenye mashamba na kwenye maji ya kunywa. Septemba 2022, bila mto wowote, mlima ulishuka Kasika, Rukoki, ukafukia akina mama na watoto. Na tusisahau kwamba Machi 1966 tetemeko liliua zaidi ya watu 100 katika Toro ya wakati ule, maana mipasuko iliyoinua Rwenzori bado ipo hai.

Kwingine ni hivyo hivyo, miteremko inaporomoka. Nametsi, Bududa, Machi 2010. Bukalasi, Oktoba 2018. Bulambuli, Novemba 2024. Kiteezi, pembezoni mwa Kampala, Agosti 2024, ambako rundo la taka lililolowa lilianguka juu ya nyumba za watu, na hapakuhitajika profesa kujua kwamba rundo refu lililoshiba maji juu ya mteremko haliwezi kukaa milele. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likiipita kidogo rekodi ya 1964, na watu waliokuwa wamejenga ufukweni wakashangaa kana kwamba ziwa limewavamia, kumbe walijenga ndani ya mipaka yake. Mwezi mmoja kabla, kisiwa kinachoelea, majani na matope tu, kilisukumwa na upepo hadi bwawa la Nalubaale na karibu nchi nzima ikakosa umeme.

Nawakumbusha haya kwa sababu mtaala wenu mpya, ule wa 2020, umeyaelewa. Nausifu bila kujipendekeza. Umeiweka jiografia miongoni mwa masomo ya lazima hadi S4. Mtihani nao umebadilika tangu kundi la kwanza lilipoufanya mwaka 2024. Mwanafunzi hapewi tena "taja sababu tano", anapewa hali fulani, kijiji fulani chenye shida, na kuambiwa amshauri mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Hivyo ndivyo jiografia inavyotakiwa kuwa. Tatizo ni kwamba mtaala umefika darasani, vifaa havijafika.

Ingieni kwenye darasa la kawaida la shule ya USE (mpango wa serikali wa elimu ya sekondari kwa wote) huku kwetu. Wanafunzi wamebanana hadi dirishani. Karatasi ya ramani ya kipimo cha 1:50,000 ipo moja, imechanika kwenye mikunjo, na mwalimu anaishika juu mbele ya ubao. Kutoka kiti cha tatu kwenda nyuma hakuna anayeona mstari wa kontua, ule unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Sasa mwalimu afanye nini? Anaandika ubaoni: kontua zilizokaribiana huonyesha mteremko mkali, zilizoachana huonyesha mteremko wa taratibu. Watoto wananakili. Wanaijua sentensi hiyo kwa moyo. Ukiwapa ramani yenyewe na kuwauliza gari litapanda upande gani, wanakutazama. Utafiti wa nje, unaopaswa kuwa nusu ya uhai wa somo hili, umekuwa safari ya basi ya siku moja kwa wenye nauli. Waliobaki wananakili ripoti ya mwenzao.

Kusoma ramani hakujifunzwi kwa kusikiliza. Kunahitaji kidole cha mtoto kiwe juu ya karatasi, na mtu mzima pembeni anayekiangalia kinakokwenda, akimwambia hapo umevuka kilima bila kujua, rudi. Kazi hiyo haiwezekani kwa watoto 90 katika dakika 40. Kwa watoto sita, kwa saa moja, inawezekana kabisa.

Nieleze tunavyofanya. Tunaanza na kiazi. Unakikata nusu, unakilaza, unakikata tena vipande vyenye unene sawa, unaweka kila kipande kwenye karatasi na kukizungushia penseli. Mtoto ambaye tangu S1 anaona kontua kama utando wa buibui anainua kichwa. Ameona kilima. Baada ya hapo ndipo ramani inafunguliwa: sentimita 2 ni kilomita 1, gridi inasomwa kutoka kushoto, mto unatiririka kuelekea namba zinazopungua. Kisha tunatoka. Daraja la Nyamwamba ni darasa lisilo na karo. Wanapima upana wa mto kwa kamba na kasi yake kwa kijiti na saa ya simu, wanalinganisha mawe ya ukingoni na ya katikati, wanarudi kuchora.

Binti mmoja anayeishi Kilembe alifuata mto kwa kidole kwenye ramani kutoka juu hadi mjini, akatia alama shule, kanisa, hospitali, marundo ya mgodi. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Mwalimu, nani aliamua waweke mabaki ya mgodi hapa, wakati kontua zilikuwepo?" Nilimwambia hilo ni swali la kuwaandikia wakubwa. Basi mnalo.

Huo ndio msaada wa masomo ya ziada yakifanywa vizuri. Yanampa mtoto nafasi ya kuuliza swali ambalo darasa kubwa lingemzomea. Yanamwezesha mwalimu kugundua kwamba tatizo la huyu si jiografia hata kidogo, ni mgawanyo wa hesabu anaohitaji kupata mwinamo wa barabara, na la yule ni Kiingereza cha swali lenyewe. Watoto wa wakimbizi wa Kikongo, ambao nchi yetu imewapokea kwa moyo, wengi wanaijua milima hii vizuri kuliko sisi, ila somo likitolewa kwa Kiingereza tu wanabaki nyuma. Katika kikundi kidogo namweleza mtoto kwa Kiswahili, anaelewa, kisha tunatafuta Kiingereza cha mtihani pamoja.

Sasa nije kwenye nyaraka zenu. Wizara imekuwa ikipiga marufuku kufundisha wakati wa likizo, na sababu zake nazikubali. Watoto wanachoka. Wazazi wanatozwa mara mbili. Kuna walimu, wenzangu, wanaolegeza kipindi cha asubuhi ili wauze cha jioni, na hao wakikamatwa sitawatetea. Kuna pia vyumba ambako "masomo ya ziada" ni vijitabu vya majibu vinavyosomwa kwa sauti moja hadi saa tatu usiku. Mtihani wa sasa umevipita vijitabu hivyo, lakini biashara yake bado inanona.

Lakini marufuku hii imemzuia nani? Kampala na Entebbe mwalimu anafuatwa kwa gari aende sebuleni kwa mtu, mtoto mmoja, chai na mandazi mezani, na hakuna mkaguzi anayegonga mlango ule. Anayezuiwa ni mwalimu wa Kisinga au Bwera anayetaka kuwakusanya watoto kumi chini ya mwembe, kwa sababu mwembe unaonekana kutoka barabarani. Mwaka 2020 na 2021, shule zilipofungwa karibu miaka miwili hadi Januari 2022, tuliona wote nani aliendelea kujifunza. Watoto wa wenye uwezo walirudi wamesogea mbele, wengine hawakurudi kabisa. Waraka haukuleta usawa wakati ule na hauuleti sasa.

Ninachoomba kinawezekana bila Bunge kukaa. Ofisa Elimu wa wilaya atoe kibali cha vikundi vidogo vya jiografia, muda wa likizo na Jumamosi, saa chache, mahali pa wazi: ukumbi wa halmashauri, maktaba, uwanja wa shule. Idadi iwekewe kikomo, na mimi ningependa isizidi kumi, kwa kuwa ikizidi tumerudi darasani. Mtoto asitozwe. Mwalimu alipwe posho na halmashauri, na mkaguzi aje bila taarifa wakati wowote. Akikuta vijitabu vya majibu, kibali kifutwe siku hiyo hiyo.

Wasaidizi tunao. Kila mwaka vijana wanamaliza S6 na kukaa nyumbani miezi mingi wakisubiri chuo, wengine wakiendesha bodaboda, wengine wakihesabu siku tu. Waliofaulu jiografia wapewe mafunzo ya wiki moja na wakae kila mmoja na watoto watatu. Wanafunzi wa ualimu wa Makerere na wa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, wanaweza kuhesabiwa kazi hiyo kama sehemu ya mazoezi yao ya kufundisha.

Ramani ndizo kikwazo kikubwa zaidi, tena ndicho rahisi kukiondoa. Serikali yenyewe ndiyo inayozichora, kupitia idara ya upimaji na ramani kule Entebbe. Kila shule ya sekondari ipewe nakala za kutosha za karatasi ya eneo lake yenyewe. Mtoto wa Kasese aanze na Kasese, wa Kaabong aanze na Kaabong. Nchi za mto Rhine kule Ulaya, tulizozisoma sisi wa mtaala wa zamani kwa bidii ya ajabu, atazifikia baadaye, na atazielewa zaidi akiwa ameshauelewa mto wa kwao. Na Baraza la Mitihani likubali mradi wa mwanafunzi uliofanyika kwenye kikundi hicho, ukiwa umethibitishwa na mwalimu wake wa shule, uingie kwenye zile alama 20 kwa 100 zinazotoka shuleni.

Kuhusu kazi, ambalo ndilo swali la yule mzazi wa ng'ombe: sensa ya Mei 2024, iliyotuhesabu watu milioni 45.9, ilifanywa kwa vifaa vya kidijitali na ramani, na kila aliyetembea na kile kifaa alihitaji kujua mpaka wa eneo lake. Bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Tanga ni kilomita 1,443 za kupima miteremko, mito ya kuvuka na mashamba ya kulipia fidia. Makazi ya wakimbizi yanahitaji watu wa kupanga visima na barabara. Benki na makampuni ya bima ya mazao yanatafuta watu wanaosoma picha za setilaiti. Nafasi hizi zipo, na nyingi zinakwenda kwa wageni au kwa watoto wa shule chache za katikati ya nchi, kwa sababu wengine hawakuwahi kuishika ramani mkononi.

Likizo ya muhula wa pili inakaribia. Tungependa kuanza na shule tatu: moja ya bondeni Kilembe, moja ya Bwera mpakani, moja ya Katwe. Orodha ya walimu waliojitolea iko tayari, na majina yao nitayapeleka kwa Ofisa Elimu kwa mkono wangu mara kibali kikitajwa, si kabla, kwa sababu mnazozijua. Nakala ishirini za karatasi ya ramani kwa kila shule zitatosha kuanzia. Tunaomba jibu kwa maandishi, liwe ndiyo au hapana, wiki tatu kabla ya shule kufungwa, ili tupate muda wa kuomba ukumbi na kuzungumza na wazazi.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa jiografia,
Kasese